Fungate ya wawili, wala si ya simu



Mwezi uliopita alikuja bi harusi kupima nguo. Gauni la harusi tulikwisha kulimaliza, alichokuja nacho siku hiyo ni orodha ya nguo za fungate: nguo saba za siku tano. Nyeupe ya kupigia picha jua linapochomoza, nyekundu ya jua linapozama, ya kunywea chai ufukweni, mbili za kufanana na bwana harusi, na nyengine sizikumbuki. Nikamuuliza, siku ya kukaa tu ni ipi? Akacheka. "Nikakae tu, na pesa zote zile?" Pesa zenyewe nusu yake ni za mkopo.

Sikumjibu vizuri, mteja mwengine alikuwa mlangoni. Namjibu leo, yeye na wenzake wote mtakaoolewa mfungo mosi inshaallah. Na simjibu kwa ujuzi wa kusoma, namjibu kwa kosa nililolifanya mwenyewe, mbali sana na hapa, katika kisiwa cha Barbados.

Kwanza nieleze tulifikaje huko, maana najua mtauliza. Mume wangu ni nahodha wa boti ya watalii. Mimi ni fundi cherehani wa nguo za harusi. Kwa hivyo sote wawili tunakula kwa fungate za watu. Yetu wenyewe hatukuikaa: siku ya nne baada ya harusi alirudi baharini kwa sababu ulikuwa msimu. Miaka kumi na mbili ikapita, watoto watatu, nyumba, deni la nyumba, deni likaisha. Tukawa kama washirika wa biashara. Nani kampeleka mtoto madrasa, luku imebaki ngapi, basi.

Wifi yangu anaishi London. Mumewe ni Muislamu aliyezaliwa Uingereza, wazee wake walitoka Barbados zamani zile ambapo shirika la usafiri la London lilikuwa likiajiri watu moja kwa moja kutoka kisiwani kwao, kuanzia 1956. Mama yake amerudi kwao uzeeni, ana nyumba ndogo Speightstown, na mwaka jana alikwenda kukaa Uingereza miezi miwili kwa matibabu. Wifi akatwambia: nyumba ipo tupu, nendeni. Tiketi tulilipa kwa kibati changu cha miaka mitatu na akiba yake mume wangu. Bila nyumba ya bure tusingekwenda, na sitomshauri mtu akope kwa safari kama hiyo. Tulipitia London, kwa hivyo viza ya Uingereza ilibidi tuitafute mapema sana. Watoto walibaki kwa mama.

Maneno yalisemwa. Lililonigusa ni la shangazi: "Pesa hizo si mngekwenda umra?" Hoja hiyo naiheshimu, na kama mtu ana hija ya faradhi shingoni na uwezo ni wa safari moja tu, aende hija, hakuna mjadala. Lakini nimechoka kusikia umra ikitajwa kila mke na mume wanapotaka kupumzika, wakati haitajwi kabisa tunapokodi ukumbi wa harusi wa mamilioni kwa usiku mmoja. Na mapumziko ya mke na mume nayo yana asili. Sote tumesomeshwa kwamba Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bi Aisha (r.a.) walipokuwa safarini, akashinda Bi Aisha, na safari nyengine baada ya miaka akashinda yeye. Kinachosahauliwa katika kisa hicho ni kwamba aliwaambia watu watangulie kwanza. Walipokwisha kwenda mbele ndipo wakakimbia wawili wao. Likumbukeni hilo, nitalirudia.

Barbados ni kisiwa kidogo, kilomita za mraba 430 hivi, hata nusu ya Pemba hakifiki. Tangu Novemba 2021 ni jamhuri. Upande wa magharibi bahari imetulia kama maji ya beseni, upande wa mashariki ni Atlantiki yenyewe, mawimbi yanakuja na hakuna nchi kavu mpaka Afrika. Fukwe zote ni za umma, hakuna hoteli inayoweza kukufukuza mchangani. Dola yao mbili ni dola moja ya Marekani, haibadiliki, kwa hivyo hesabu ni nyepesi. Ukipanda basi au ukiingia dukani bila kusalimia unaonekana huna adabu, na hilo lilinifurahisha mno, nikajihisi nipo kwetu.

Mume wangu alishangazwa na jambo moja tu. Maji hayatoki! Sisi huku kwenye bamvua bahari inapanda na kushuka mita tatu hadi nne, ukiamka unakuta boti zimelala ubavu. Kule kupanda na kushuka hakuzidi sana mita moja. Siku ya kwanza alisimama ufukweni saa nzima anangojea maji kupwa.

Sasa kosa langu. Nilikuwa nimeshona nguo sita. Nikasema, fursa hii, biashara yangu itapata picha ambazo hakuna fundi Unguja aliyenazo. Nikabeba na kile kijiti cha miguu mitatu cha kusimamishia simu. Siku ya kwanza tuliamka alfajiri kwa picha. Siku ya pili tulizunguka Bridgetown, nguo mbili, picha zisizo idadi. Siku ya tatu nikampeleka Bathsheba, upande wa mashariki, pale penye majabali makubwa yaliyosimama ndani ya bahari. Upepo unapeperusha mtandio, kila picha inaharibika, nami nikawa nasema rudia, rudia, sogea, shika hivi. Watu wa kule wenyewe hawaogelei pale kwa ukali wa maji. Sisi hata kukaa kuyatazama hatukukaa.

Akashusha simu. Akaniambia kwa utaratibu, hakuna hasira: "Mimi kila siku nawapiga picha waume za watu na wake zao. Nilidhani huku nimekuja na wangu."

Nilikasirika, sisemi uongo. Nilimwambia kibati ni changu. Tukarudi kwa basi kimya, na usiku ule tulilala kila mtu kauelekea ukuta wake. Lakini nikiwa macho nilifikiri: miaka kumi na mbili nimelalamika kwamba hanitazami, na siku tatu anapotaka kunitazama nimemwekea simu katikati.

Asubuhi niliitia simu ndani ya begi, chini ya nguo nilizokuwa sijazivaa. Nikaitoa mara moja tu kwa siku, kuwapigia watoto. Tumepishana nao saa saba, adhuhuri yetu ilikuwa baada ya magharibi yao.

Siku nne zilizobaki hatukufanya kitu. Naandika hivyo makusudi, kwa sababu najua bi harusi wangu atadhani ni siku zilizopotea. Tulisali alfajiri. Huku kwetu kibla kipo kaskazini, kule ni mashariki ukiegemea kaskazini kidogo, kwa hivyo unaielekea Afrika, unawaelekea watoto wako. Kisha tunashuka ufukweni. Wakati ule hapana mtu, na hili ndilo jawabu kwa wanaoniuliza vipi Muislamu akae pwani penye watu nusu uchi: tulikuwa tunakwenda watu wamelala, na tunaondoka wanapokuja. Tunarudi tena jua likikaribia kuzama, tunatembea mpaka mwisho wa mchanga, mbali na watu. Mchana tuko ndani, dirisha wazi, tumelala.

Mimi ni mke wa nahodha na nilikuwa sijui kuogelea. Cheka upendavyo. Wangapi kati yetu tumezaliwa kisiwani na bahari tunaijua mwisho magotini? Akanifundisha kuelea. Mkono wake mmoja chini ya mgongo, ananiambia legea, legea, masikio yaache yazame. Siku ya kwanza nilimeza maji na kumparura shingo. Siku ya pili aliutoa mkono bila kuniambia. Nilipojua nimo peke yangu juu ya maji nilipiga kelele, naye anacheka, na kicheko kile nilikuwa nimekisahau. Picha yake sina.

Chakula tulipika wenyewe, na hapa niwe mkweli, ni lazima uwe macho, kwa sababu ni kisiwa cha ramu, vilabu vyake vipo kila kona, na keki zao za sherehe hutiwa pombe. Lakini soko la samaki liko wazi kwa kila mtu. Chakula chao cha taifa ni cou-cou, nao ni ugali wa unga wa mahindi uliosongwa pamoja na bamia, na samaki yule mdogo anayeruka juu ya maji kwa mapezi kama mbawa. Mume wangu alikula ugali wa bamia akanyamaza, halafu akasema hawa ni jamaa zetu, wamesahau tu nazi. Wazee wao wengi walichukuliwa Afrika Magharibi utumwani kulima miwa, kwa hivyo hakukosea sana. Na mashelisheli yapo! Tuliyachoma kama ya kwetu.

Ijumaa alikwenda kusali msikitini Bridgetown, mimi nikapita Swan Street kuangalia vitambaa. Waislamu wa kule wengi asili yao ni Bengali na Gujarat, walianza kufika mwanzoni mwa karne iliyopita, na walianza maisha kwa kubeba vitambaa kwenye mabegi, mlango kwa mlango, wakiwauzia watu kwa kulipa kidogo kidogo kila wiki. Mimi nilianza hivyo hivyo na kanga, 2009, kabla sijanunua cherehani. Nilinunua mita tatu. Hiyo ndiyo biashara pekee niliyoifanya.

Kuhusu sala kuna jambo wengi hulikosea. Sisi tunaofuata madhehebu ya Shafi, ukinuia kukaa mahali siku nne kamili au zaidi, ukiacha ya kufika na ya kuondoka, basi ukishafika hukasiri tena wala hukusanyi, unasali kama mkaazi. Muulizeni shekhe wenu kabla hamjapanda ndege, si baada ya kurudi.

Na nguo, maana hapo ndipo kazi yangu. Usiingie baharini na dera la pamba wala baibui. Pamba ikilowa inakuwa nzito, inakuvuta chini, tena inakuganda mwilini, stara yenyewe inaondoka. Nguo ya kuogelea ya stara hushonwa kwa kitambaa cha kuvutika cha laikra, rangi ya kiza, na juu yake kanzu fupi ya kitambaa chepesi kisichonywa maji, yenye mpasuo wa pembeni ili mguu upige. Fundi atumie sindano ya vitambaa vya kuvutika na mshono wa zigizaga. Ukishonwa mshono ulionyooka utakatika siku ya kwanza, nishauona. Na ukienda Barbados usibebe nguo yoyote ya madoa ya kijeshi, hata ya mtoto. Sheria yao inakataza. Jengine la huko: kuna mti wa pwani unaitwa manchineel, tunda lake la kijani kama tofaa dogo ni sumu kali, na mvua ikinyesha usijikinge chini yake, maji yanayodondoka yanachubua ngozi. Wenyewe huutia alama nyekundu.

Nirudi kwa bi harusi wangu. Bibi zetu walikaa fungate siku saba. Hawakwenda popote. Mlango ulifungwa, chakula kilipitishwa na somo, na kilichopita ndani hakikuwa cha mtu. Si kila kitu katika mambo yale kilikuwa kizuri. Ule mtindo wa shuka kupitishwa kwa wakwe mimi nashukuru unapotea. Lakini mlango walikuwa sahihi kuufunga. Sasa sisi tumetoa shuka, tukafungua mlango, na tumewaita watu elfu tano waingie na simu zao. Mtume (s.a.w.) aliwaambia watu watangulie, sisi tunawaambia watusubiri, tunapakia.

Mtasema wewe ulikwenda mbali ndiyo maana unasema. Ndiyo, nilikwenda, na nakwambieni siku tatu za mwanzo Barbados zilikuwa sawasawa na kukaa nyumbani tukigombana, na tiketi juu. Siku nne za mwisho zingeweza kuwa Makunduchi.

Nilimpigia yule binti juzi nikamwambia haya yote, si kwa urefu huu. Alinyamaza, nikadhani nimepoteza mteja. Jana kaja na mchumba wake kasimama nje. Nguo saba zimekuwa mbili, na mkopo hawauchukui, kuna nyumba ya khalati yake Jambiani watapewa siku tano. Amenitaka nimshonee nguo ya kuogelea, maana na yeye hajui kuogelea, na mume mtarajiwa kumbe anajua. Nimempima, ataichukua Alkhamisi. Kuhusu simu hakuniahidi kitu.