Herufi za Urembo Katika Simu

Juma hili tuzungumze habari ya maandishi.

Bila shaka mmepata kuziona zile herufi nene nyeusi, zenye pembe na mikia, katika vyeti na kadi za harusi. Ni herufi za kale za Ulaya. Gutenberg alipoipiga chapa Biblia ya Kilatini mjini Mainz, Ujerumani, karibu mwaka 1455, alitumia herufi za jamii hiyo. Wajerumani walizishika kwa muda mrefu kuliko wenzao. Hata walipoitawala nchi yetu, vitabu vyao vingi vilipigwa chapa hivyo. Ndipo mwaka 1941 serikali yao wenyewe ikaagiza ziachwe.

Lakini wataalamu wa hesabu hawakuziacha, kwa kuwa kazi yao yahitaji alama nyingi. Katika kitabu chao, herufi A ya kawaida yaweza kuwa jina la kitu kimoja, na 𝔄 yenye pembe ikawa jina la kitu kingine kabisa. Ukizichanganya, hesabu yote imeharibika.

Basi, sikilizeni jambo lenyewe. Kompyuta na simu hazitambui herufi kwa sura yake, bali kwa namba yake. Upo mpango wa dunia nzima, uitwao Unicode, unaoipa kila herufi namba. A yetu ni 65. Mwaka 2001 mpango huo uliongeza karibu alama elfu moja za hesabu, na herufi zenye pembe zikiwamo. 𝔄 ni 120068. Machoni petu ni ndugu. Ndani ya simu hawajuani.

Siku hizi zipo programu za kupamba majina. Kijana huandika jina lake, nayo humrudishia limevaa pembe na mikia. Kumbe hakupewa herufi zilizopambwa, amepewa alama za hesabu! Kwa jina la kuchezea si neno. Lakini tuseme kuna msiba hapa Mabamba, na kijana apewe kazi ya kuwaarifu ndugu walioko Kasulu, Kigoma na Dar es Salaam. Apambe jina la marehemu na siku ya mazishi kwa alama hizo, apate kuonyesha heshima. Mwenye simu ya zamani ataona visanduku vitupu. Atakayelitafuta jina hilo baadaye katika simu yake huenda asilipate.

Na asiyeona je? Wako ndugu zetu wasioona ambao simu huwasomea ujumbe kwa sauti. Ikifika kwenye alama hizo, simu nyingine huzipita kimya. Nyingine hutaja kila moja kwa jina lake refu la kihesabu, tena kwa Kiingereza. Mama mkwe asiyeona atasikia kwamba kuna mazishi, asisikie ni ya nani wala ni lini. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Je, tusipambe? Pambeni, lakini kwa njia yake. Kama mnatengeneza kadi katika kompyuta, andikeni kwa herufi za kawaida, kisha chagueni mwandiko wa urembo. Hapo A yabaki A ile ile, imebadili nguo tu. Kadi ikitumwa kama picha, yaandikeni maneno yote chini yake kwa herufi za kawaida, maana si kila simu iwezayo kumsomea mtu maandishi yaliyo ndani ya picha.

Na ninyi wazazi, kabla tangazo la msiba, la kliniki au la mkutano wa shule halijatumwa, mwambieni kijana aandike jina, siku, saa na mahali kwa herufi zile alizofundishwa darasa la kwanza. Hizo kila simu yazijua.