Ana Laini Mbili, Je, Ana Siri?

Msomaji wangu, swali hili sikosi kuulizwa nikikaa saluni: mwanaume mwenye laini mbili ana nyumba ndogo? Ngoja nianze na yangu.

Mwaka 2012 tulikuwa wachumba. Mimi nakaa Mwananyamala, yeye Mbagala, na katikati foleni ya kuvunja uchumba wowote. Penzi letu lilikuwa la simu. Jumamosi moja nafua suruali yake, nikakuta laini mfukoni. Nikaichomeka kwenye simu yangu. Jina lilikuwa moja tu: Bi Mkubwa.

Bi Mkubwa! Wewe ungefikiria nini? Nikapiga huku natetemeka. Akapokea mama mmoja wa Korogwe, akaniuliza kama mwanawe ameshakula.

Jamani, niliona aibu. Ile laini ilikuwa ya kuongea na mama yake, basi. Miaka ile mitandao ilikuwa vitani. Ukipiga ndani ya mtandao wako unaongea mpaka sikio linapata moto, lakini ukivuka kwa jirani salio linayeyuka, maana kampuni yako inailipa ile nyingine kwa kila dakika. Malipo hayo yalizidi shilingi 100 hadi Machi 2013, TCRA ilipoyashusha kuwa 34.92. Kwa hiyo kila mtu alifuata mtandao wa watu wake, na simu za Kichina za laini mbili zikauzika kama maandazi.

Matangazo nayo! Kuanzia Tandika hadi Magomeni vibanda vilipakwa rangi za kampuni. Tigo bluu. Airtel, iliyoichukua Zain mwaka 2010, nyekundu. Vodacom ilikuwa bluu, nayo ikahamia nyekundu. Hata mrembo wa taifa tulimshangilia kwa jina la Vodacom Miss Tanzania.

Ila silaha kali ilikuwa programu za pesa. M-Pesa ilianza nchini 2008, Tigo Pesa ikafuata 2010, na kila moja ilijifungia kwake. Harusi yetu ilikuwa 2013. Kadi za mchango zilikuwa na namba tatu za kupokelea, na mweka hazina wa kamati, masikini, alishinda kwa mawakala akitoa huku na kuweka kule, makato juu ya makato. Nina hakika pilau la sinia zima liliishia kwenye makato. Mwaka 2014 Tigo (ambayo tangu 2024 inaitwa Yas), Airtel na Zantel wakakubaliana pesa zivuke. Vodacom, mkubwa wao, akaingia 2016. Sisi tulikuwa tumeshaoana zamani!

Sasa dada yangu, leo pesa inavuka na vifurushi vya mitandao yote vipo. Mtu akikwambia "hii laini ni ya unafuu tu", una haki ya kuuliza mara ya pili. Muulize kistaarabu, usipekue mifuko kama mimi. Au kaeni sebuleni, kila mmoja apige *106# aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Kila mmoja, nasema, na wewe pia.

Wangu bado anazo mbili. Bi Mkubwa alifariki 2021, lakini ile laini anaiwekea vocha kila baada ya muda, isije ikafungwa akapewa mtu mwingine. Sijamuuliza kwa nini.