Stika ya i7 Haikumalizii Kazi

Kuna neno moja linalouza laptopu za mtumba kuliko lolote: "i7". Toka Mji wa Kale, vuka Digo Road ukaulizie mashine, na hilo ndo utakalotajiwa kwanza, bei nayo ikipanda. Wengi wetu tunalipa bila kuuliza swali la pili. Hapo ndipo pesa za kuchanga mwaka mzima zinapozama.

i7 ni jina la ukoo tu. Intel wamelitumia tangu 2008, kwa hivyo ndani yake mna wazee na vijana. Chukua Core i7-4600U ya 2013: ina kori mbili, yaani wafanyakazi wawili ndani ya prosesa moja. Core i5-8250U ya 2017 inao wanne. Kwenye alama za PassMark, hiyo i5 inaipita i7 kwa karibu maradufu. Ziweke zote mbili mezani, na stika itakuvuta kwenye ile dhaifu. Na prosesa hizi zimechomelewa kwenye bodi, huwezi kuchomoa ukatia nyingine. Ukikosea, umekosea mashine nzima.

Dawa ni alama za majaribio, wenyewe wanaziita benchimaki. Prosesa tofauti zinapewa kazi ileile, kisha inapimwa ipi imemaliza upesi. Matokeo yako mtandaoni bure. Muulize muuzaji namba kamili ya prosesa, ama bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, uingie Performance, utaiona. Itafute kwa simu yako palepale, kabla hujatuma pesa.

Ila alama nazo zina kusoma kwake. Alama ya kori zote inamfaa anayehariri video za harusi, kwa sababu programu zile hugawa kazi kwa kori nyingi. Kama wewe ni wa kuandika na kufungua kurasa za mtandao, tazama alama ya kori moja, na hapo zile prosesa mbili zinakaribiana sana. Utalipia maradufu ambayo vidole vyako havitaihisi. Na kama mashine yako ya sasa bado inatumia diski ya kizamani ile inayozunguka, tia SSD kwanza. Huenda prosesa haina makosa yoyote.

Halafu kuna joto letu. Alama ya mtandaoni ni wastani wa mashine nyingi zilizopimwa kwingine, si hiyo iliyo mbele yako na feni iliyojaa vumbi. Prosesa ikipata moto hujipunguzia kasi yenyewe isije ikaungua, na msimu wa kaskazi hapa Mombasa hauna huruma. Cinebench R23 hurudia jaribio kwa dakika kumi mfululizo, kusudi udhaifu huo uonekane. Iendeshe dukani. Ikianza mbio kisha ikachoka, utaona mwenyewe. Muuzaji akikataa, ushapata jibu.

Kuna jambo jingine ambalo alama haisemi kabisa. Microsoft walimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa upande wa Intel, takriban prosesa zote za kabla ya kizazi cha 8 hazimo kwenye orodha ya Windows 11. Ile i7-4600U ni kizazi cha 4. i5-8250U ni cha 8, imeponea hapo.

Kwa hivyo wauzaji wetu, tunaomba jambo dogo: andikeni namba kamili ya prosesa kwenye bei, na mteja aachwe apime. Mwenye mali safi haogopi kipimo. Kizuri chajiuza.

Na sisi wanunuzi tuache uvivu. Hakuna anayenunua shati bila kulijaribu, wala embe bila kulibonyeza, lakini laptopu ya maelfu tunaibeba kwa kuona stika. Kwa vijana wengi mjini hiyo mashine ndo jembe, ndo kodi ya nyumba. Uliza namba, soma alama inayofanana na kazi yako, pima, kisha lipa.