Blu-ray haijafa, ila anayeihitaji si yule tunayemdhania

Sony ilipotangaza Januari 2025 kwamba ifikapo Februari itaacha kutengeneza diski tupu za Blu-ray za kurekodia, habari ilizagaa mitandaoni kwa kichwa kimoja: Blu-ray imekufa. Si kweli. Kilichosimamishwa ni diski tupu, zile ambazo Wajapani walizitumia sana kunasia vipindi vya runinga. Ziliachwa pamoja na kaseti za MiniDV na MiniDisc, vitu ambavyo wengi wetu tulidhani vilishazikwa zamani. Diski zenye filamu, zinazochapishwa kiwandani, bado zinatoka na kuuzwa. Tofauti hii yaonekana ndogo, lakini kwetu sisi wa Pwani ndiyo yenye uzito, kwani kama kuna Blu-ray inayotufaa, basi ni ile tupu kuliko ile yenye filamu. Nitaeleza.

Tuanze na filamu. Blu-ray iliingia madukani mwaka 2006 na kukuta mpinzani, HD DVD ya Toshiba. Zote mbili zilitumia leiza ya buluu iliyokaribia zambarau, ambayo urefu wa wimbi lake ni nanomita 405, fupi kuliko nanomita 650 za leiza nyekundu ya DVD. Wimbi likiwa fupi, alama kwenye diski zaweza kuwa ndogo na kusongamana zaidi. Ndiyo maana diski ya upana uleule wa sentimita 12 ikaweza kubeba GB 25 kwa tabaka moja na GB 50 kwa matabaka mawili, ilhali DVD ya tabaka moja hubeba GB 4.7. Sony ilifanya ujanja wa kibiashara ikaitia Blu-ray ndani ya PlayStation 3, hivyo aliyenunua mchezo alijikuta tayari ana deki ya filamu. Mwezi Januari 2008 kampuni ya Warner Bros. ikatangaza kuegemea upande huo, na Februari Toshiba ikasalimu amri.

Ushindi huo haukuwa na raha ndefu. Mwaka 2007, vita vikiwa bado vinapiganwa, Netflix ilikuwa imeshaanza kuwapelekea wateja wake wa Marekani filamu kupitia intaneti. Yaliyofuata twayajua. Samsung iliacha kuleta deki mpya za Blu-ray katika soko la Marekani mwaka 2019. LG ikafuata mwishoni mwa 2024. Netflix yenyewe, iliyoanza mwaka 1998 kwa kupeleka DVD kwa posta, ilifunga huduma hiyo Septemba 2023 baada ya kusafirisha diski zaidi ya bilioni 5. Duka kubwa la Best Buy likaondoa filamu za diski kwenye rafu zake mwaka 2024.

Hapa kwetu hadithi ni nyingine. Blu-ray haikufa Mombasa, kwa sababu haikuwahi kuishi. Tulitoka kwenye kanda za VHS tukaingia VCD, tukaja DVD za barabarani zenye filamu nane ndani ya diski moja, kisha tukaruka hadi kwenye flashi. Duka la filamu mtaani siku hizi ni kompyuta moja, hadi diski chache na kijana mmoja. Unampa flashi yako, unachagua, ananakili, unalipa shilingi zako chache na kuondoka. Filamu za India, mfululizo wa Kituruki, DJ Afro akiitafsiri vita ya Wachina kwa namna yake. Mashekhe wetu hutukumbusha kwamba mali ya mtu haichukuliwi bila ridhaa yake, nasi huitikia vizuri sana tukiwa msikitini.

Je, tulikosa kitu? Kwa macho na masikio, ndiyo. Netflix husema filamu ya 4K hutumia hadi GB 7 kwa saa. Kwa filamu ya saa mbili hizo ni GB 14. Diski ya Ultra HD Blu-ray, iliyotoka mwaka 2016, hubeba GB 66 au GB 100 kwa ajili ya filamu hiyohiyo. Data ikibanwa kiasi hicho lazima kuna kinachotupwa, nacho huonekana kwenye matukio ya giza, ya moshi, ya mvua, ambapo kivuli hugeuka vipande vya mraba. Sauti nayo hubanwa, ilhali diski huweza kuibeba kama ilivyotoka studio. Lakini tusidanganyane. Kwenye runinga ya inchi 32 iliyotundikwa sebuleni, huku feni ikivuma na watoto wakigombania rimoti, tofauti hiyo haionekani. Ubora huo ni wa mwenye skrini kubwa, spika za maana na chumba chenye mlango unaofungika. Huyo ndiye anayenunua diski leo, na ndiye anayelibakisha soko hai. Filamu ya Oppenheimer ilipotoka kwa diski Novemba 2023, zile za 4K ziliisha madukani Marekani kwa siku chache.

Hoja ya pili ya watetezi wa diski ina nguvu zaidi, nayo ni umiliki. Ukilipa ada ya kila mwezi hununui filamu, umekodi ruhusa ya kutazama, na mwenye nyumba anaweza kukutoa. Netflix iliwafungulia Wakenya huduma ya bure kwenye simu Septemba 2021, ikaifunga Novemba 2023. Hilo lilikuwa la bure, hatuna la kusema. Lakini Disney ilitoa filamu ya Crater kwenye huduma yake Mei 2023 na kuiondoa wiki saba baadaye, hata wanaolipa wasiione tena. Desemba mwaka huohuo wateja wa PlayStation waliarifiwa kwamba vipindi vya Discovery, walivyokuwa wamevinunua kwa pesa zao, vingefutwa kwenye maktaba zao mwisho wa mwezi. Uamuzi ulibatilishwa baada ya kampuni hizo kukubaliana upya, ila somo lilikuwa limeshaeleweka. Jimbo la California likatunga sheria, iliyoanza kazi Januari 2025, ya kuwazuia wauzaji kutumia neno "nunua" kwa bidhaa ya kidijitali bila kumweleza mteja wazi kwamba anachopata ni leseni.

Na kuna suala la waya. Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zinazopita chini ya bahari zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Afrika Mashariki yote. Miezi michache kabla, nyaya nyingine zilikatika Bahari ya Shamu. Mji wetu ndiko nyaya za nchi hii zinakotulia, lakini kukaa karibu na kisima si kunywa. Siku zile mwenye filamu kwenye flashi alitazama, mwenye usajili alikodolea macho duara linalozunguka. Tazama lakini kwamba nimesema flashi, sikusema diski. Kwa filamu za kawaida, faida ya kuwa na nakala mkononi tunaipata kwa njia rahisi kuliko Blu-ray, na ndiyo maana sioni sababu ya mtu wa kipato cha wastani kuagiza deki kutoka ng'ambo. Aliye na jamaa Ghuba, anayeletewa moja kila likizo, hiyo ni bahati yake. Tena hana tatizo la ukanda, kwani kwa Blu-ray Kenya na Ghuba zote ziko ukanda B, tofauti na DVD ambapo wao wako 2 na sisi 5.

Sasa kompyuta. Huku Blu-ray ilishindwa vibaya zaidi, na kosa si la intaneti peke yake. Walioiunda waliifungia kwa makufuli mengi mno. Kutazama filamu ya Blu-ray kwenye kompyuta kulihitaji draivu yake, programu ya kununuliwa kando, kadi ya picha na skrini zinazokubali ulinzi wa hakimiliki. Windows haikuwahi kuja na uwezo huo, na tangu Windows 8 mwaka 2012 hata DVD iliondolewa. Apple haikuwahi kabisa kutia draivu ya Blu-ray ndani ya Mac. Steve Jobs alilalamikia leseni zake tangu 2008. Ultra HD ndiyo ikawa kichekesho. Ili icheze kihalali kwenye kompyuta ilitaka kichakato cha Intel chenye sehemu ya usalama iitwayo SGX, kisha Intel yenyewe ikaiondoa sehemu hiyo kuanzia kizazi cha 11 cha Core. Kwa maneno mengine, aliyenunua kompyuta mpya na ya bei zaidi hakuweza kutazama diski ambayo kompyuta yake kuukuu iliicheza bila shida. Anayeinunua halali anazuiwa, anayenakili mtaani hajui hata kuna kufuli.

Kwa hiyo ukiniuliza kama kipakatalishi chako kipya kinahitaji draivu ya Blu-ray kwa ajili ya filamu, jibu ni hapana. Wala kwa kuhamishia faili za kazi. Hadi diski ya nje ina nafasi zaidi na kasi zaidi.

Inabaki kazi moja, na ndiyo iliyonifanya niandike. Fungua kabati la mama yeyote wa Mji wa Kale, Majengo, Lamu au Malindi. Utakuta DVD za harusi. Harusi zetu za wanawake hupigwa picha na wanawake wenzao. Bibi harusi yu wazi, amepambwa, shangazi na makungwi wanacheza bila buibui, na mkanda ule haukurekodiwa utazamwe na kila mja. Hauendi YouTube. Kuupakia kwenye hifadhi ya mtandaoni, ambako ni kompyuta za watu usiowajua na nywila moja inayoweza kuibwa, ni jambo ambalo familia nyingi haziliridhii, nami siwalaumu. Kwa watu hawa diski iliyofungiwa kabatini ni sitara. Humo kabatini pia mna mawaidha ya mashekhe waliotangulia mbele ya haki, Maulidi ya miaka iliyopita, sauti ya babu akisoma.

Matatizo ni kwamba DVD zile zinakufa. DVD ya kurekodi nyumbani huhifadhi data kwenye rangi ya kikemikali ambayo joto, mwanga na unyevu huichosha, na hatuna upungufu wa hivyo vitatu Pwani. Hata za kiwandani haziko salama: mwaka 2025 kampuni ya Warner ilikiri kwamba baadhi ya DVD zake zilizotengenezwa kati ya 2006 na 2008 zilikuwa zikiharibika. Flashi nayo si ya kutegemewa kuweka miaka kumi ndani ya mtoto wa meza. Chaji inayoshikilia data huvuja polepole, na flashi za bandia zilizoandikwa ukubwa ambao hazina zimejaa sokoni. Hadi diski ina chuma kinachozunguka. Ikianguka mara moja, yote yamekwenda.

Hapo ndipo Blu-ray tupu inapopata heshima yake. Diski ya BD-R ya kawaida haitumii rangi hiyo ya kikemikali, hutumia tabaka lisilo la kikaboni, gumu zaidi dhidi ya mwanga na joto. Kuna aina rahisi iitwayo LTH iliyorudia rangi ileile ya DVD. Hiyo usiinunue kwa kazi hii. Inayofaa huandikwa HTL, au M-Disc kwa anayetaka iliyobuniwa makusudi kudumu. Facebook mwaka 2014 ilionyesha kabati la majaribio lenye diski 10,000 za Blu-ray kwa ajili ya data isiyoguswa mara kwa mara, na watu wale hawakukosa pesa za kununua hadi diski. Diski moja ya GB 25 hubeba DVD tano za harusi, na ikishaandikwa haiwezi kufutwa kwa bahati mbaya wala kushikwa na virusi vya kompyuta.

Ila siyo kinga kamili. Data ya Blu-ray iko sehemu ya kumi tu ya milimita kutoka usoni, kwa hiyo mkwaruzo mzito huiumiza licha ya ngozi ngumu iliyopakwa juu. Nakala ziwe mbili, moja iwekwe nyumba nyingine, na faili zilezile zibaki pia kwenye hadi diski.

Kazi yenyewe ianze na DVD kuukuu zaidi, kwa sababu isiyosomeka leo fundi hataifufua kesho. Draivu za nje za Blu-ray za kuchomeka kwa USB husoma pia CD na DVD, hivyo kifaa kimoja chatosha kutoa cha zamani na kuandika kipya. Sony imetoka kwenye diski tupu, Panasonic ilitoka kabla yake mwaka 2023. Verbatim bado wanauza. Familia tatu nne za mtaa mmoja zikichangia draivu moja, gharama haimlemei mtu, na kazi ya kunakili yafaa ifanywe na binti wa nyumbani anayejua kompyuta, siyo kupelekwa dukani kwa kijana wa flashi.