Mchezo, Mtaji na Safari ya Masomo

Swali la wiki hii hutufikia mara kwa mara, hasa kutoka kwa akina mama: "Mwanangu amefaulu, lakini hataki udaktari wala uhandisi. Ataka kwenda ng'ambo kusomea biashara ya michezo. Je, hilo ni somo au ni mchezo?"

Ni somo, na si jepesi. Chuo Kikuu cha Liverpool kilianza kufundisha shahada ya uzamili ya biashara inayohusu kandanda tangu miaka ya 1990. Shahada iitwayo FIFA Master husomeshwa kwa zamu katika nchi tatu: Leicester nchini Uingereza, Milan nchini Italia na Neuchâtel nchini Uswisi. Humo hakuna anayefundishwa kupiga chenga. Wanafunzi husoma hesabu za klabu, mikataba ya wachezaji, udhamini, haki za matangazo na sheria. Kijana apendaye uwanja lakini achukiaye hesabu atataabika huko kama ambavyo angetaabika hapa.

Wengi hutaja jina la Nike bila kujua habari za mwanzilishi wake. Phil Knight alikuwa mwanariadha wa mbio katika Chuo Kikuu cha Oregon. Baadaye alisomea biashara Stanford, na huko akaandika insha kuhusu uwezekano wa viatu vya michezo vya Kijapani kushindana na vya Kijerumani katika soko la Marekani. Mwaka 1964 yeye na aliyekuwa kocha wake, Bill Bowerman, walianzisha kampuni ndogo ya kuagiza viatu hivyo kutoka Japani. Lililo muhimu kwetu ni kwamba hakuacha ajira siku hiyo. Aliendelea na kazi ya uhasibu, kisha akafundisha uhasibu chuoni, hadi 1969 ndipo alipoitegemea kampuni yake peke yake. Kwa miaka mitano, basi, uhasibu ndio uliomlisha wakati mchezo ukikua.

Mfano mwingine uko karibu zaidi na nyumba zetu. Aheda Zanetti, mzaliwa wa Lebanon aishiye Australia, alimwona binti wa nduguye akicheza netiboli kwa taabu ndani ya mavazi mazito, mwaka 2004. Akashona vazi la michezo lenye stara, na kutoka hapo likazaliwa vazi la kuogelea lijulikanalo leo kwa jina la burkini. Miaka ikapita, na wakubwa wa michezo nao wakalegeza kamba: FIFA iliruhusu hijabu mwaka 2014, shirika la mpira wa kikapu duniani likafuata 2017, na mwaka 2023 Nouhaila Benzina wa Morocco akacheza Kombe la Dunia la wanawake akiwa na hijabu. Kila ruhusa ya namna hiyo huzaa wateja wapya, nao wanahitaji mavazi, walimu na mahali pa faragha.

Tuitazame pwani yetu wenyewe. Wangapi miongoni mwetu tumezaliwa tukisikia mawimbi na hatujui kuogelea! Kaskazini mwa Unguja, mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea na kuokoa, wakiwa wamevaa mavazi ya kusitiri mwili. Binti wa Mombasa, Malindi au Lamu anayeipenda bahari akitaka kufanya hivyo kuwa riziki yake, hatumwoni kuwa anaota ndoto za mchana.

Lakini safari ina mitego yake, na mawakala wa vyuo hawaitaji yote. Mwenye viza ya uanafunzi nchini Uingereza haruhusiwi kujiajiri, wala kufanya kazi ya mchezaji wa kulipwa au kocha. Kwa hiyo binti aliyeahidiwa kwamba "atajilipia karo kwa kufundisha kuogelea" amedanganywa mchana kweupe. Akina mama walioolewa nao wajue kwamba tangu Januari 2024 wanafunzi wengi wa shahada ya uzamili ya kawaida hawaruhusiwi kuandamana na mume wala watoto. Jambo hili lizungumzwe nyumbani kabla ya fomu kujazwa, si baada ya viza kutoka.

Kuhusu fedha, tunasema wazi: hatupendezwi na kuuza kiwanja cha urithi kwa ajili ya shahada ya kwanza ya ng'ambo, sembuse mkopo wa riba. Shahada ya kwanza ya biashara au uhasibu yapatikana hapa nchini, na mtoto akaisoma akiwa kwao. Kwa shahada ya pili kuna ufadhili usiolipwa tena. Chevening ya serikali ya Uingereza hulipa karo na matumizi, kwa sharti la kuwa na uzoefu wa kazi na kurejea nyumbani kwa muda usiopungua miaka 2. Serikali ya Uturuki nayo ina ufadhili wake, unaojumuisha karo na malazi. Kabla ya kulipa hata shilingi moja, hakikisheni chuo kimo katika orodha ya serikali ya nchi husika ya vyuo vinavyoruhusiwa kupokea wageni, na muulize Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya iwapo shahada hiyo itatambuliwa hapa.

Na kwa binti mwenyewe tuna ombi. Miezi ya kusi hoteli nyingi za pwani hupungukiwa na wageni na vidimbwi hubaki vitupu. Akodi saa mbili kwa wiki, apate mwalimu wa kike na pazia la kusitiri, awaite majirani na binamu, atoze ada ndogo. Kila shilingi iingiayo na itokayo aiandike: kodi, malipo ya mwalimu, nauli, na waliolipa nusu wakatoweka. Baada ya miezi mitatu aliweke daftari hilo mbele ya baba, mama na mjomba, na mazungumzo ya safari yaanzie hapo.