Ujuzi Haugawanyiki: Tuujenge Upya Ushirikiano wa Kisayansi Afrika Mashariki

Mwaka 1952 watu wengi wa Newala na vijiji vya uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanganyika, walishikwa na homa yenye maumivu makali ya viungo, hata mgonjwa akawa anatembea amejikunja. Ugonjwa huo ukaitwa chikungunya, neno la Kimakonde linaloeleza hali hiyo ya kupinda. Damu ya wagonjwa ilipelekwa Entebbe, Uganda, kwenye taasisi ya utafiti wa virusi, na watafiti wake ndio waliokitambua kirusi. Leo jina hilo la Kimakonde liko midomoni mwa madaktari duniani kote.

Tunaikumbusha habari hii kwa sababu inaonesha kitu ambacho nchi zetu ziliwahi kuwa nacho, zikakipoteza, na sasa zinahangaika kukirudisha. Wakati ule kila kituo cha utafiti kilihudumia eneo zima. Muguga, karibu na Nairobi, palikuwa na utafiti wa kilimo na mifugo, Tororo, mbung'o na malale, Jinja, samaki wa maji baridi, Zanzibar, samaki wa baharini, Amani katika milima ya Usambara, malaria, Arusha, viuatilifu. Ni kweli kwamba vituo hivi vilianzishwa na wakoloni kwa malengo yao. Lakini baada ya uhuru vilikuwa mali yetu sote, na mwaka 1967 vikawa chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Matunda yake yalionekana. Chanjo ya sotoka iliyotengenezwa Muguga na Walter Plowright na wenzake ilichangia sana kuutokomeza ugonjwa huo, na mwaka 2011 ilitangazwa rasmi kwamba sotoka imetoweka duniani.

Jumuiya ilivunjika mwaka 1977. Mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi mwaka 1983, na mwaka 1984 nchi tatu zikatia saini mjini Arusha mkataba wa kugawana mali. Ndege, mabehewa na majengo vinahesabika, na kinachohesabika kinagawanyika. Utafiti haukuwa hivyo. Kituo kinachochunguza samaki wa ziwa zima kikibaki na sehemu moja tu ya ziwa, kazi yake imevunjika. Tunakumbuka hukumu ya Mfalme Solomoni: mama wa kweli alikuwa tayari mtoto aende kwa mwingine mradi aishi. Mwaka 1977 hakupatikana wa kusema hivyo, na upanga ukashuka.

Kila nchi ikaanza kujijengea taasisi zake. Mwaka 1979 Kenya iliunda taasisi za utafiti wa kilimo na wa tiba, na Tanzania ikaunda Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Hatuzidharau, zimefanya kazi kubwa. Ila zilizaliwa kipindi kigumu. Miaka ya 1980 na 1990 nchi zetu zilibadilisha mfumo wa uchumi, zikapunguza watumishi wa umma na kubana matumizi, huku zikiingia katika siasa za vyama vingi. Katika mabadiliko hayo utafiti ulikuwa miongoni mwa vitu vilivyokatwa mapema, kwa sababu mtafiti aliyekosa kemikali za maabara haandamani barabarani. Wengine waliondoka nchini, wengine wakawa washauri wa miradi ya wafadhili. Maswali ya utafiti yakaanza kuandikwa na yule anayelipa.

Mkataba mpya wa Jumuiya ulitiwa saini mwaka 1999, na leo nchi wanachama ni nane. Shirika la uvuvi la Ziwa Victoria liko Jinja, kamisheni ya bonde la ziwa iko Kisumu, ya sayansi na teknolojia iko Kigali, ya utafiti wa afya iko Bujumbura, na baraza la vyuo vikuu liko Kampala. Ukitazama ramani ya ofisi, tumerudi tulipokuwa, tena tumezidi.

Lakini mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, madereva wa malori walikwama Namanga kwa siku nyingi. Majibu ya vipimo ya upande mmoja hayakukubalika upande wa pili. Nchi zilizokuwa zikipelekeana damu ya wagonjwa miaka ya hamsini zilishindwa kuaminiana kwenye karatasi ya maabara. Miaka mitatu baadaye ugonjwa wa Marburg ulizuka Kagera. Bukoba iko karibu zaidi na Kampala kuliko Dar es Salaam, na msiba wa Bukoba unamgusa mtu wa Masaka kabla haujamgusa mtu wa Kariakoo. Kirusi hakisimami foleni ya uhamiaji.

Kwa maoni yetu, kinachokosekana sasa si ofisi nyingine. Vinakosekana kuaminiana na fedha za mfukoni mwetu. Kuaminiana kunajengwa kwa mambo madogo: maabara za nchi jirani kukaguana kwa kipimo kimoja na kisha kuyakubali majibu ya kila mmoja, kijana wa Kigoma kwenda kusoma Bujumbura bila kutozwa ada ya mgeni, kibali cha utafiti kutolewa kwa wiki, wala si kwa miaka. Kuhusu fedha, viongozi wa Afrika walikwisha kuahidi kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa ajili ya utafiti. Nchi zetu nyingi hazijafika hapo. Mradi wa mfadhili una tarehe ya mwisho, ziwa halina.

Wapo watakaosema kwamba nchi maskini ijenge kwanza nyumbani kwake, na kwamba ushirikiano huishia kumnufaisha mwenye nguvu. Hoja hii ina uzito. Manung'uniko kwamba Kenya ilifaidika kuliko wenzake yalichangia kuivunja Jumuiya ya kwanza. Mafundisho Jamii ya Kanisa yanatupa njia: mshikamano unaoongozwa na kanuni auni. Kinachoweza kufanywa na chuo cha Gitega au Mbarara kifanyike hapo hapo. Kinachowashinda wakiwa peke yao, kama maabara ya virusi hatari, kibebwe na wote, na vituo vigawanywe ili kila nchi iwe na cha kutoa na cha kupokea.

Nasi tulio ndani ya Kanisa hatuwezi kuwanyoshea kidole wanasiasa na kukaa pembeni. Maaskofu wa kanda hii walianza kushirikiana mwaka 1961 katika umoja tunaoufahamu leo kama AMECEA, na mwaka 1977 umoja huo haukuvunjika. Taasisi yao ya kichungaji ya Gaba ilihamishwa kutoka Kampala kwenda Eldoret mwaka 1976, katika siku ngumu za Uganda, ikaendelea kupokea wanafunzi kutoka nchi mbalimbali. Ikiwa tuliweza kulinda malezi ya kichungaji nje ya ugomvi wa serikali, tunaweza kufanya hivyo hivyo kwa sayansi. Tuna vyuo vikuu Nairobi, Mwanza na Nkozi, na hospitali nyingi pembezoni mwa mipaka. Vyuo hivyo vitatu vikikubaliana kupima maji ya Ziwa Victoria kwa njia moja na kuyaweka majibu wazi kwa wote, havihitaji kusubiri mkutano wa marais.

Papa Francisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, alitufundisha kuiita dunia nyumba ya wote. Mvuvi wa Ukerewe, wa Kalangala na wa Mfangano wanakunywa maji ya beseni moja. Tunawaomba wakuu wa vyuo vyetu Katoliki wakutane mwaka huu huu, wachague jambo moja la kuchunguza kwa pamoja, na kila chuo kitoe mchango wake kutoka bajeti yake. Kiasi kikiwa kidogo, kiwe kidogo, ila kiwe chetu.