Kanzu ya Nabii Yusuf na kimya cha wanaume wetu

"Mwanamume habakwi." Maneno haya nimeyasikia mara nyingi katika mabaraza yetu, na kila mara hufuatwa na kicheko. Anayeyasema huenda hana nia mbaya. Lakini Utafiti wa Kitaifa wa Idadi ya Watu na Afya wa 2022 ulipouliza, asilimia 7 ya wanaume nchini walijibu kuwa wamewahi kufanyiwa dhulma ya kingono. Kwa wanawake ni asilimia 13, na hakuna anayekana kuwa wao ndio wanaoumia zaidi. Hata hivyo, hesabu hiyo ya wanaume ina maana kwamba kwenye baraza la watu kumi na watano, yamkini mmoja acheka na wenziwe huku moyo wamchoma.

Sheria haikuwasahau wanaume hawa. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 haisemi kwamba anayebakwa ni mwanamke, yasema mtu. Mwenye kosa afungwa miaka isiyopungua 10, na chaweza kufika kifungo cha maisha. Kumwingiza mtu kitu kwa nguvu ni kosa chini ya sheria hiyo hiyo, na adhabu yake pia haipungui miaka 10.

Basi kwa nini mwanamume haendi kituoni? Sababu ya kwanza ni lugha tunayotumia. Tukisema "kubaka", watu humfikiria mwanamke. Kwa mwanamume twasema "amelawitiwa", na neno hilo lataja tendo tu, halisemi kama alitaka au alishikwa. Aliyedhulumiwa na aliyeridhia huwekwa kapu moja, kisha hupachikwa jina baya litakalomfuata yeye na wanawe. Sababu ya pili ni hofu ya kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, chenye kifungo cha miaka 14. Wengi wadhani wakiripoti watashtakiwa wao. Kifungu hicho chamhusu aliyekubali. Pale ambapo hapakuwa na ridhaa, chamwandama aliyelazimisha, na adhabu yake yafika miaka 21.

Si barazani pekee ambako dhulma hii hupewa jina jingine. Tume ya Jaji Philip Waki iliandika 2008 juu ya wanaume waliotahiriwa kwa nguvu katika machafuko ya baada ya uchaguzi. Mwaka 2012 majaji wa ICC waliamua kuwa kitendo hicho ni cha kinyama lakini si dhulma ya kingono, kwa kuwa kilitokana na chuki ya kikabila. Mwanamume avuliwa nguo mbele ya watu, akatwe sehemu zake za siri, kisha aambiwe kuwa hilo halikuhusu utupu wake!

Sisi Waislamu wa Pwani tuna mfano ulio karibu zaidi, na twausoma kila siku. Nabii Yusuf alikuwa amefikia utu uzima, yuko ugenini, katika nyumba ya watu waliomnunua. Bibi wa nyumba akafunga milango. Yusuf alipokimbia, kanzu yake ikararuliwa kwa nyuma, na bibi akamgeuzia lawama yeye. Waliokuwapo hawakusema kuwa mwanamume halazimishwi. Ilisemwa kanzu itazamwe imechanika upande gani, yaani ushahidi uchunguzwe. Hata hivyo alitiwa jela. Na mfalme alipomwita atoke, alikataa mpaka habari ya wale wanawake iulizwe kwanza. Huyo ni Mtume wa Mwenyezi Mungu, na hakuona kuwa kudai haki yake ni kuvunjiwa uanaume.

Mtu aweza kuniambia kuwa Yusuf aliokolewa kabla ya jambo kutendeka. Kweli. Na wako wanavyuoni wa zamani waliosema mwanamume hawezi kulazimishwa zinaa, kwani mwili wake haungeitika bila matamanio. Lakini katika madhehebu yetu ya Shafii, kauli iliyotiliwa nguvu ni kuwa aliyelazimishwa hana adhabu, kwa sababu kuitika kwa mwili ni maumbile, si ridhaa. Madaktari wa leo wasema hivyo hivyo: mwili waweza kuitika kwa mguso au kwa hofu. Ndugu uliyeteseka miaka yote ukijiuliza kwa nini mwili wako ulikusaliti, fahamu kuwa haukutoa idhini kwa niaba yako.

Kimya kina gharama, na gharama hiyo huhesabiwa kwa saa. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi hufaa zikianzwa ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo bora. Nenda hospitali kwanza, hata kabla ya polisi. Usioge kabla ya kuonwa na daktari. Nguo ulizovaa ziweke kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Hospitali Kuu ya Pwani, hapa Mombasa, ina kitengo cha waliofanyiwa dhulma hizi, na si cha wanawake pekee. Anayeshindwa kutoka nyumbani aweza kupiga 1195, simu ya bure.

Na kwa yule ambaye saa hizo zilipita miaka ishirini nyuma, mlango haukufungwa. Kuongea na mshauri, au na mtu mmoja mwenye siri, bado kwafaa.

Maimamu wetu huhutubu juu ya Surat Yusuf, na mara nyingi husifu subira na uzuri wake. Nawaomba Ijumaa moja wasimame kwenye ile kanzu. Nasi wa barazani, siku mwenzetu akianza kusema, tunyamaze amalize.